Kile ambacho sato jike huweka ndani ya yai, na kile ambacho dawa ya madume haigusi

Swali: Shikamoo Dokta. Nazalisha vifaranga wa sato huku Kigamboni. Kwenye mafunzo fulani tuliambiwa kwamba yai la samaki linakuja na vitu vya mama vinavyoamua seli zipi zitakuwa za uzazi, hata kabla dume hajamwaga mbegu zake. Naomba unieleze vitu hivyo ni nini hasa. Na je, dawa ya kuwageuza vifaranga wawe madume tunayowachanganyia kwenye chakula inavigusa? Jirani yangu naye anafuga, anasema dawa ndiyo inayoua mbegu, ndiyo maana samaki wake hawazaani bwawani.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mliyoambiwa kwenye mafunzo ni kweli. Dawa haivigusi vitu hivyo. Jirani yako amechanganya maamuzi mawili ambayo mwili wa samaki huyafanya kwa nyakati tofauti na kwa njia tofauti. Uamuzi wa kwanza ni "seli hii itakuwa ya uzazi", nao hufanyika saa za mwanzo kabisa za kiinitete, kwa vitu alivyoviacha mama ndani ya yai. Uamuzi wa pili ni "samaki huyu atakuwa dume au jike", nao huja siku nyingi baadaye, kifaranga akiwa ameshaanza kula. Dawa yako inaingia kwenye huo wa pili. Ukilishika hilo, mengine yote utayaelewa.

Sehemu kubwa ya mwili wa samaki ni seli za mwili: misuli, ngozi, mifupa, matamvua, ubongo. Hizo zitakufa naye. Seli za uzazi ni chache, na ndizo pekee zinazovuka kwenda kizazi kijacho, zikiwa mayai au mbegu za kiume. Kila kiinitete kinalazimika kuzitenga mapema na kuzilinda zisigeuke kuwa kitu kingine. Kwetu binadamu, na kwa panya vilevile, kazi hiyo hufanywa kwa kuambiana: kundi la seli ambazo bado zingeweza kuwa chochote hupokea ishara kutoka kwa jirani zao, protini iitwayo BMP4 ikiwa mojawapo, na chache kati yao hushika njia ya uzazi. Yai la mama halikuwa limeandaa fungu lolote kwa ajili hiyo. Nzi wa matunda, vyura na samaki kama Danio, samaki mdogo wa maabara, wana njia nyingine kabisa. Kwao fungu lipo tayari ndani ya yai, na seli itakayolirithi ndiyo itakayokuwa ya uzazi.

Fungu hilo wanasayansi huliita plazimu ya uzazi. Ili ulielewe, anza ndani ya ovari ya jike, zamani kabla hajaona dume. Yai likiwa bado changa sana, halijajazwa akiba ya njano, kando ya kiini chake chenye jeni hujikusanya bonge la mitokondria, protini na nakala nyingi za RNA, yaani ujumbe wa jeni ambao seli huutumia kutengenezea protini. Bonge hilo huitwa mwili wa Balbiani. Linaonekana kwenye mayai machanga ya wanyama wengi, binadamu akiwemo. Kwa samaki, bonge husogea upande mmoja wa yai hadi chini ya utando, kisha huyeyuka na kuacha mzigo wake pale. Kwa tendo hilo yai linapata pande zake mbili: upande ambao kiinitete kitakaa juu yake, na upande wa akiba ya chakula.

Mengi tunayoyajua kwa undani yametoka kwa samaki mdogo mwenye mistari ya pundamilia, Danio rerio, kwa kuwa yai lake linapenya mwanga na unaweza kumtazama akikua chini ya hadubini kuanzia dakika ya kwanza. Kwake yeye bonge la Balbiani linategemea jeni moja iitwayo bucky ball. Jike ambaye jeni hiyo imeharibika anaonekana mzima, anakula, anakua, anataga. Lakini mayai yake hayana pande. Seli ya kiinitete badala ya kukusanyika juu inazunguka akiba ya njano pande zote, na maisha yanaishia hapo. Mwaka 2009 ilionyeshwa upande wa pili wa habari hiyohiyo: ukiongeza protini ya Bucky ball ndani ya kiinitete cha kawaida, kinapata seli za uzazi nyingi kuliko kawaida yake. Kwangu mimi majaribio hayo mawili yakiwekwa pamoja ndiyo ushahidi mzuri kuliko wote. Ukiondoa protini, fungu halijengeki. Ukiizidisha, seli za uzazi zinazidi.

Hapo pana jambo ambalo mzalishaji anapaswa kulitia akilini. Jeni iliyoharibika ni ya mama, lakini madhara yanaonekana kwa watoto. Baba akiwa na jeni nzima haisaidii, kwa sababu vitu hivyo vilipaswa kuwekwa ndani ya yai kabla yeye hajafika. Nitalirudia nikifika kwenye ushauri.

Sasa yai linarutubishwa. Kwa Danio, katika maji ya nyuzi 28.5, seli ya kwanza hugawanyika baada ya kama dakika 45, na baada ya hapo kila dakika 15 hivi. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walifuatilia RNA ya jeni iitwayo vasa, ambayo ni sehemu ya fungu la mama, wakaona imejipanga kwenye ncha za mifuo ambamo seli zinagawanyika. Chembe za plazimu ya uzazi, zilizokuwa zimetawanyika, hukusanywa kwa msaada wa nyuzi za mikrotubuli hadi kwenye ncha za mfuo wa kwanza na wa pili. Mifuo miwili ina ncha nne, kwa hiyo hupatikana mafungu manne. Baada ya hapo hutokea jambo ambalo hata leo nikiliangalia kwenye picha linanishangaza: seli zinaendelea kugawanyika, lakini fungu haligawanywi. Seli yenye fungu ikigawanyika, fungu lote huenda kwa seli binti mmoja, na yule mwingine huondoka mikono mitupu na kuwa seli ya mwili. Kiinitete kikifika saa ya tatu kina seli kama 1,000, na zenye fungu bado ni nne tu. Ni kuanzia saa ya nne ndipo fungu linasambaa ndani ya seli na kila mgawanyiko kuwagawia mabinti wote wawili. Kufikia mwisho wa siku ya kwanza, seli za uzazi huwa kati ya 25 na 50 hivi.

Utaniuliza, kwa nini mama ajisumbue hivyo? Kwa nini kiinitete kisijiamulie chenyewe? Kwa sababu saa hizo za mwanzo jeni za kiinitete zimelala. Mama anayesafiri kwenda mkoani huacha unga, mafuta, hela ya mboga na maagizo ya nani afanye nini, na watoto huishi kwa alivyoacha mpaka wajimudu. Yai nalo huishi hivyo kwa RNA na protini za mama. Kwa Danio jeni za kiinitete huamka karibu na saa ya tatu. Zikiamka, moja ya kazi zake za kwanza ni kufagia. Hutengenezwa RNA fupifupi iitwayo miR-430, inayozishika RNA za mama na kuzifanya zivunjwe ili kiinitete kianze kuishi kwa jeni zake chenyewe.

Ufagio huo ungepita kila mahali bila kizuizi, fungu la uzazi nalo lingefutika. Ndani ya zile seli chache kuna mlinzi: protini iitwayo Dead end, kwa kifupi Dnd, nayo pia imetokana na RNA aliyoiweka mama. Dnd hushika RNA kama za nanos3 na tdrd7 na kuizuia miR-430 isizifikie. Kwenye seli za mwili RNA hizohizo, zisizo na mlinzi, huvunjwa. Unaona basi kwamba fungu la mama halifanyi kazi kwa kuwepo tu. Linafanya kazi kwa kubaki mahali pamoja huku likifutwa kwingine kote.

Ukiiondoa Dnd, kiinitete cha Danio kinapoteza seli zake zote za uzazi. Zamani tulidhani zinakufa tu. Mwaka 2017 kundi la Erez Raz la huko Münster, Ujerumani, lilionyesha kwamba nyingi hazifi papo hapo: zinapotea njia na kuvaa sura ya seli za mwili, nyingine zikawa kama misuli, nyingine kama neva. Hilo linatuambia fungu la mama lina kazi mbili, kuzipa seli hizo kazi ya uzazi na kuzizuia zisisikilize amri zinazowaamuru majirani zao kuwa mwili.

Safari yao nitaipitia haraka, ingawa ni nzuri. Seli hizi huzaliwa mbali na mahali pa kazi. Tezi za uzazi za samaki zitakaa ndani ya tumbo, chini ya uti wa mgongo, lakini makundi manne yameanzia pembeni mwa kiinitete, kila moja mahali pake. Zinatembea zenyewe, kwa kutoa malengelenge ya utando upande wa mbele na kujivuta. Njia inaonyeshwa na protini Cxcl12a inayotolewa na seli za mwili zilizo njiani, nazo huinusa kwa kipokezi Cxcr4b kilicho kwenye utando wao. Majirani wengine humeza ishara iliyozagaa ili ielekeze mahali pamoja tu. Ndani ya saa 24 zimefika.

Sasa tuje kwenye udume na ujike, ambako ndiko kwenye biashara yako. Zikishafika, seli hizo bado hazina upande. Zinaweza kuwa mayai au mbegu za kiume. Kwa sato, jike ana kromosomu XX na dume XY, lakini kinachoamua tezi iwe ovari au korodani ni mazungumzo kati ya jeni, homoni na joto la maji katika wiki chache za mwanzo. Ndani ya dirisha hilo ndimo unapowalisha methiltestosteroni, ndiyo hiyo dawa yako, kwa kawaida miligramu 60 kwa kila kilo ya chakula, kwa siku 21 hadi 28 tangu waanze kula. Homoni inazisukuma tezi za vifaranga wa XX ziwe korodani. Seli za uzazi zimeshafika zamani na kukaa. Hazitengenezwi upya wala haziuliwi. Zinajikuta tu ndani ya korodani, na zinatii.

Ndiyo maana jirani yako hajakosea kwa alichokiona, amekosea kwa sababu aliyoitoa. Samaki wake hawazaani kwa kuwa bwawani karibu hakuna majike. Mbegu zipo. Dume wa XX aliyegeuzwa kwa dawa ana mbegu hai. Ukimkutanisha na jike wa kawaida wa XX atamrutubishia mayai, na watoto karibu wote watakuwa majike, maana hakuna Y iliyoingia. Wataalamu wa uzalishaji hutumia njia hiyo kwa makusudi. Kwa hiyo usiwachukulie samaki wa dawa kuwa ni tasa. Akitoroka mmoja kwenda mtoni, anaweza kuzaa huko.

Ila maamuzi haya mawili, ingawa yametengana kwa wakati, hayakutengana kabisa. Kwa Danio, kiinitete kisicho na seli za uzazi hukua kikawa dume, tasa lakini dume kwa umbo na tabia. Kwa sato, watafiti wa China mwaka 2014 walizima jeni za nanos2 na nanos3 kwa CRISPR, mkasi wa maabara wa kukata jeni. Tezi zikakosa seli za uzazi, na sehemu ya tezi inayotokana na seli za mwili ikaelekea udume hata kwa samaki wa XX. Lakini usifanye sheria ya samaki wote: samaki wa dhahabu, yule wa mapambo, akikosa seli za uzazi anaweza bado kuwa jike au dume. Kwa sato, inaonekana seli za uzazi zenyewe ni sehemu ya sauti inayoitetea ovari.

Ukiniuliza ni wapi elimu hii itamfaa mfugaji wa Pwani ya Tanzania, jibu langu ni mitoni. Sato si mwenyeji wa mito yetu inayoingia Bahari ya Hindi. Ruvu, Wami na Rufiji wana perege wao, Oreochromis urolepis, na sato aliyeletwa kwa ufugaji ameshachanganyika na perege wa asili katika maeneo mbalimbali ya nchi hii. Samaki chotara wakienea, tunampoteza perege ambaye vizazi na vizazi alizoea maji hayo. Dawa ya madume inapunguza tatizo bwawani, lakini haiondoi hatari ya mtoro mwenye mbegu hai, na kila mzalishaji anajua kwamba hata kundi lililolishwa vizuri halikosi majike wachache. Samaki asiye na seli za uzazi kabisa angekuwa jambo lingine.

Wanorwei wamelifanyia kazi kwa samoni wao. Mwaka 2016 walionyesha kwamba samoni aliyezimwa jeni ya dnd hukua bila seli za uzazi na habalehe. Likabaki tatizo la wazi: samaki tasa utampataje wa kuzalisha wengine? Mwaka 2020 wakatoa njia ambayo ukiisoma baada ya maelezo yote haya utaitambua mara moja. Walipozima jeni ya dnd, walichoma pia ndani ya yai RNA ya dnd iliyotengenezwa maabara, wakirudisha kwa mkono kile ambacho mama angeweka. Seli za uzazi zikapona. Samaki wa namna hiyo anaweza kuzaa, na watoto wake wakirithi jeni iliyozimwa kwa pande zote watakuwa tasa, bila kuwachoma sindano hata mmoja. Naamini kwa dhati kwamba kwa nchi yenye perege wa asili wengi kama yetu, utafiti wa aina hiyo juu ya sato unastahili fedha na watu, chini ya sheria zetu za usalama wa viumbe vilivyobadilishwa jeni. Mpaka hapo, mtu akija kukuuzia "mbegu tasa" ya sato kwa maneno matupu, muulize imefanywaje tasa na nani ameipima.

Kuna matumizi mengine yanayonipa moyo zaidi, kwa sababu yanahusu kuokoa. Goro Yoshizaki na wenzake huko Tokyo walichukua seli za uzazi za trauti wakazipandikiza kwa samoni wa masu aliyefanywa tasa kwa kuwa na seti tatu za kromosomu. Mwaka 2007 walitangaza kwamba wazazi hao wa samoni walizaa trauti watupu. Seli za uzazi zilibaki na asili yake, mwili uliozibeba ulikuwa nyumba tu. Perege wetu wa asili akibanwa sana, njia kama hiyo inaweza kumhifadhi.

Sasa mambo ya kwenye tangi lako. Vitu vya mama hujengwa ovarini wiki nyingi kabla ya kutaga, kwa hiyo chakula na utulivu unaompa jike leo ndicho kinachoonekana kwenye mayai ya mzunguko ujao. Usimlishe vizuri baada ya kutaga halafu ukashangaa. Ukiwa na jike ambaye kila unapotoa mayai mdomoni mwake yanaoza mapema, mbadilishie dume. Yakioza tena na dume ambaye kwa majike wengine anarutubisha vizuri, kosa liko upande wa jike, kwa umri, kwa lishe au kwa urithi, na dawa yoyote utakayotia kwenye maji ya kuangulia haitarekebisha kilichokosekana ndani ya yai. Mtoe kwenye kundi la wazazi.

Angalia joto. Sato huenda vizuri kati ya nyuzi 25 na 32. Kuanzia Desemba hadi Machi, tangi dogo la plastiki lililoachwa juani hapa Dar linapanda haraka mno. Vifaranga wachanga wakikaa kwenye maji ya nyuzi 36, idadi ya madume hupanda hata bila dawa, na joto kali likidumu linaweza kupunguza seli za uzazi zenyewe. Weka kivuli, pima saa nane mchana na si asubuhi tu.

Kuhusu dawa, shika dozi ileile na siku zilezile. Ukizidisha hupati madume zaidi. Methiltestosteroni nyingi mno inaweza kuharibu tezi, na kwa sato imewahi kuleta kinyume, majike wakaongezeka. Vaa glovu na barakoa unapochanganya chakula, mjamzito asishike kabisa, na maji ya matangi ya dawa usiyamwage kwenye mtaro unaokwenda baharini au kwenye kisima cha jirani. Ukitaka kujua kama kundi limegeuka, chukua vifaranga wachache waliokwisha kukua kidogo, ulete sampuli kwa mtu mwenye hadubini apasue tezi na kuzitazama. Kuwatazama kwa nje katika umri huo hakukupi jibu.

Na jirani yako mwambie achukue dume mmoja mkubwa kutoka bwawa lake, amkaushe tumbo kwa kitambaa na kumkamua polepole kuelekea kwenye tundu la uzazi. Akiwa amekomaa, ataona maji meupe yakitoka.